Orodha ya Wajane

  

Wiki hii tumekusudia kueleza jambo ambalo nafsi yetu ingependa tulinyamazie, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Akina mama kadhaa wametuuliza, kwa nyakati mbalimbali, ni vipi matapeli wa simu huyajua majina yao kamili, majina ya waume zao na hata idadi ya watoto wao. Kwa baadhi yao jibu tunalo. Sisi ndio tuliowapa.

Katika mwezi wa Shaaban uliopita, kamati ya futari ya msikiti wetu iliandaa orodha ya wajane na mayatima wa mtaa, ili kila nyumba ipate fungu lake la unga, mchele, tende na mafuta, pasiwe na mmoja aliyepewa mara mbili na mwingine aliyekosa. Nia ilikuwa safi. Karatasi ilipigwa mistari, ikaandikwa jina la mama, jina la marehemu mumewe, majina ya watoto, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nyumba anayoishi. Kijana mmoja wa kamati, hodari na mwepesi wa kazi, akataka kuipiga picha karatasi ile na kuituma katika kundi la WhatsApp la wafadhili, wapate kuona kwamba mali zao zinafika zinakotakiwa. Hakuituma ila baada ya kutuomba rukhsa. Nasi tulikuwa tumeketi barazani baada ya sala ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, tukamjibu, "Tuma tu, mwanangu, hao ni watu wa kheri."

Kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili. Hatukuwa tukiwajua hata nusu yao.

Mwezi kumi na moja Ramadhani, mmoja wa wajane wale, ambaye hapa tutamwita Bi Mkubwa kwa kumsitiri, alipigiwa simu asubuhi na mwanamume mwenye sauti ya upole. Alianza kwa salamu kamili, kisha akamuombea rehema marehemu mumewe kwa jina lake. Akamtajia watoto wake wanne, mmoja baada ya mmoja. Akamsomea nambari ya kitambulisho chake. Ndipo akamwambia kwamba mfadhili mmoja wa Ghuba ametuma shilingi 12,000 kwa kila nyumba ya mayatima, na kwamba fedha zake zimekwama kwa sababu laini yake haijathibitishwa. Athibitishe kwa kutaja nambari yake ya siri.

Bi Mkubwa si mjinga. Amewalea watoto wanne kwa kuuza mahamri na viazi vya karai, na hesabu za kichwani humshinda mwenye duka. Alitueleza baadaye, "Sheikh, mimi matapeli nawajua. Wale wa kusema umeshinda zawadi nawakatia simu. Lakini huyu alimjua mzee wangu."

Akaitaja nambari. Haikupita saa moja, simu yake ikapoteza mtandao, naye akadhani ni hitilafu ya kawaida, akaendelea na shughuli zake za futari. Kumbe tapeli, akiwa na jina kamili, nambari ya kitambulisho na sasa nambari ya siri, alikuwa amejifanya kuwa ni yeye, akaihamisha laini ile kwenye kadi nyingine iliyo mikononi mwake. Shilingi 18,400, kodi ya nyumba pamoja na fedha za nguo za Idi za watoto, zilitoka kwa mikupuo mitatu. Juu ya hizo likachukuliwa deni kwa jina lake.

Hatukujua bado kuwa sisi tulihusika. Tulimpa pole, tukamsomea dua, tukalaani wezi. Siku chache baadaye mjane mwingine akatujia na kisa kama hicho, ila yeye aliikata simu. Tulipomuuliza kilichomshtua, akasema kwamba mpigaji alimtaja binti yake wa mwisho kana kwamba ni mtoto wa kiume. Tukaitoa orodha yetu sandukuni na kutazama. Mkono wetu ulikuwa umekosea herufi moja, na jina la yule binti likawa jina la mwanamume. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ambapo jina lile liliandikwa vile.

Mwaumini mwenye ujuzi mdogo wa fikihi anajua kwamba amana ina hukumu zake. Katika mlango wa wadia, yaani mali aliyoachiwa mtu aihifadhi, kanuni ni kuwa mwenye kuhifadhi hatozwi kitu ikiwa amana imepotea bila ya uzembe wake. Lakini Imamu Nawawi, katika Minhaj, alipotaja mambo yanayomgeuza mwenye kuhifadhi akawa mdhamini, alitaja kuiweka amana mahali pasipokuwa hirzi yake, na kumuonyesha mwizi ilipo. Hirzi ni mahali ambapo kwa ada ya watu kitu cha namna ile huhifadhiwa. Mbuzi hirzi yake ni zizi, dhahabu hirzi yake ni kasha lililofungwa, na afungaye dhahabu katika zizi la mbuzi hana udhuru ikiibwa. (Neno letu hirizi limetoka huko huko. Wapo watu wanaovaa hirizi shingoni ilhali nambari zao za siri zimeandikwa kwa wino nyuma ya simu, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine.)

Basi tukajiuliza, jina la mjane, watoto wake na nambari ya kitambulisho chake, hirzi yake ni ipi? Kundi la watu mia mbili, ambalo kila mmoja anaweza kuichukua picha na kuipeleka kundi jingine kwa kidole kimoja, haliwezi kuwa hirzi ya kitu chochote.

Mwenzetu mmoja katika kamati, mtu mwenye elimu, alitupinga. Alisema kwamba kanuni inajulikana: wakikutana mtendaji na msababishi, hukumu humfuata mtendaji. Mwizi ndiye aliyeiba, basi na atafutwe mwizi. Hoja yake haikuwa dhaifu, na tulilala nayo usiku mzima. Asubuhi tukamjibu kwamba kanuni ile ingetufaa lau tungekuwa wapita njia. Sisi tulikuwa wenye kuhifadhi. Wanawake wale hawakumpa habari zao mtu yeyote barabarani, walitupa sisi kwa kuwa tulisimama mbele yao na daftari la msikiti, na pengine wengine walizitoa kwa shida, kwa kuwa pasi na kuzitoa hakuna unga.

Tulichanga watu sita kutoka mifukoni mwetu, tukamlipa Bi Mkubwa 18,400 zake na kulifuta lile deni. Hatukuigusa hazina ya futari, kwa sababu fedha zile zilikuwa haki ya wajane wenyewe, na haijuzu mtu kulipa dhamana yake kwa mali ya yule aliyemdhulumu. Mwenzetu aliyetupinga naye alichangia, Allah amlipe.

Baadaye binti mmoja wa mtaa wetu, mwanasheria, alitufunulia kwamba hata sheria ya nchi ilikuwa imetutangulia. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inataja waziwazi habari za familia yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu hali ya ndoa ya mtu na majina ya watoto wake kuwa ni habari nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi ya nyinginezo. Karatasi yetu ilikuwa na zote mbili, mjane na mayatima wake, katika mstari mmoja. Tena sheria hiyo inamtaka aliyeshika habari za watu, zikimvuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amuarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua, na awaarifu wenyewe. Sisi tulikaa siku tisa tukitahayari. Katika siku hizo tisa wanawake wengine wa orodha ile walikuwa wakipokea simu bila ya kujua, na hilo ndilo linalotuuma kuliko zile fedha.

Wenye madrasa na shule, nasi tukiwemo, tusijione tuko salama. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Ni mara ngapi tumeona kijana wa maulidi au mashindano ya Qurani akipigwa picha, na chini yake pakaandikwa jina lake, la baba yake, madrasa yake na mtaa wake? Na wale wanaogawa sadaka huku kamera imemkabili mama aliyenyoosha mkono, hao tungewaomba wakumbuke kwamba sitara ya Muislamu haiuzwi kwa pakiti mbili za unga.

Katika Suratun Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akijikuna kichwa kwa kitana cha chuma. Alipomuona alimkemea vikali, akambainishia kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Tulikuwa tukiisomesha hadithi hii kwa miaka mingi tukifikiria madirisha na milango tu. Simu ya mama ina picha za harusi ya bintiye, karatasi za hospitali, mazungumzo na mumewe, na fedha za nyumba. Kama kuna tundu la kuchungulia leo, ni hilo.

Sasa machache ya kufanya. Anayekupigia akikujua, kujua kwake si dalili kuwa ni mkweli. Kwa yaliyotokea kwetu mmeona majina hupatikana kwa urahisi gani. Nambari ya siri haina mtu wa kuulizwa naye, awe wa benki, wa simu, wa serikali, au wa msikiti. Wenye laini za Safaricom wajue kwamba kampuni hiyo huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333 bila ya malipo. Ukibonyeza *106# utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiona usiyoijua usiiache. Ukibonyeza *100*100# unaweza kuzuia laini yako isibadilishwe kwa mawakala, mpaka uende mwenyewe dukani kwao. Na mtandao ukitoweka ghafla hali majirani wanao, usingoje kukupambazukia kama alivyongoja Bi Mkubwa. Azima simu saa hiyo hiyo, uwapigie wenye laini waifunge.

Bibi zetu wasioweza kusoma wana shida ya peke yake. Wengi humpa kijana wa kibandani simu na nambari ya siri kwa pamoja, amtolee fedha, na wengine humtuma mtoto wa jirani. Hatusemi vijana hao ni wezi. Lakini kwa nini bibi mwenye wana na wajukuu amuachie siri yake mtu wa pembeni? Achaguliwe mmoja wa nyumbani, anayejulikana na wote, na akae naye Jumamosi moja amfundishe kubonyeza mwenyewe tarakimu nne. Tumeona wazee wa miaka sabini wakiliweza. Na mabinti wanaotafuta kazi za Ghuba wasitume picha ya pasipoti kwa wakala wasiyemjua ofisi yake, maana nakala ikishatoka hairudi.

Orodha ya mwaka huu tumeiandika upya. Imo katika daftari moja, ndani ya kasha lenye funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Wafadhili huletewa hesabu ya nyumba na mafungu, bila ya jina hata moja, na walioona hayo hayatoshi tumewaalika waje watusaidie kubeba magunia. Nambari za vitambulisho hatuziandiki tena, kwani tulipokaa kutafakari tuliziandikia nini, hapakuwa na mmoja kati yetu aliyekuwa na jibu.

Bi Mkubwa tulikwenda kumuomba radhi nyumbani kwake, wote sita. Alitukaribisha, akatupikia chai, akasema amesamehe. Kisha akasema, "Lakini jina langu, wanangu, msiliandike popote." Basi halimo daftarini. Fungu lake tunalikumbuka kwa kichwa, na hupelekwa baada ya Isha.

Mama au dada anayetaka kusaidiwa kuifunga laini yake au kutazama zilizosajiliwa kwa jina lake, aje madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Yule binti mwanasheria atakuwepo upande wa akina mama. Mje na simu na vitambulisho vyenu, na nambari za siri mziache vifuani.

Wabillahi tawfiq.