Kila Kiini na Wimbo Wake

Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu mwaka 1948, alizunguka nchi hii na mtambo wake wa kunasia sauti, akawarekodi waimbaji na wapigaji wa ala za kila namna. Na kwa kuwa mwaka 1966 jeshi liliishambulia Lubiri ya Mengo, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, wanamuziki wake wakatawanyika, rekodi za zama zile zimekuwa amana isiyo na badali. Nakala zake zimerejea Makerere kutoka London, na fauka ya hizo zipo kanda nyingi makanisani, misikitini na katika vituo vya redio, zote zikingoja wa kuziokoa.

Kazi ya kuziokoa ina sehemu mbili ambazo watu aghalabu huzichanganya. Ya kwanza ni kuicheza kanda na kuinasa ndani ya kompyuta, nayo haina njia ya mkato, kwani kanda ya saa nzima hutaka saa nzima, na mtu wa kuisikiliza. Ya pili ni kuyageuza mafaili yaliyopatikana. Faili la kuhifadhiwa, likinaswa kwa kilohezi 96 na biti 24 katika stirio, huchukua takriban gigabaiti 2 kwa kila saa. Mjukuu wa mwimbaji hawezi kulipokea katika simu yake, hivyo hapana budi itolewe nakala ya FLAC, isiyopoteza kitu, na ya MP3 iliyo nyepesi. Hapa haraka ni halali, na hapa ndipo nionapo israfu.

Kompyuta za leo, hata zile kuukuu zinazouzwa madukani mwa Kampala, aghalabu zina prosesa yenye viini viwili, vinne au zaidi, na kila kiini chaweza kufanya hesabu zake peke yake. Lakini programu nyingi za kugeuza sauti, zikipewa rundo la mafaili, huyashika moja baada ya jingine kwa kiini kimoja, vingine vikikaa bure. Dawa yake si kuukata wimbo vipande, maana katika MP3 fremu moja huweza kuazima nafasi iliyosalia katika zilizotangulia, na maungio yakifanywa ovyo husikika. Dawa ni kukipa kila kiini faili lake: katika Linux, amri ya xargs yenye -n 1 -P 4 huendesha kazi nne kwa pamoja, na moja ikiisha nyingine hushika zamu. FLAC yenyewe, tangu toleo la 1.5 la mwaka 2025, yaweza kuvigawia viini kazi ya faili moja, jambo la manufaa kwa mwenye hotuba ndefu.

Sidai kwamba viini vinne vitaleta kasi mara nne kamili, kwani diski ya kuzunguka, ikiombwa mafaili manne kwa mpigo, huweza kuwa kizuizi. Lakini katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, kazi iliyokuwa ya usiku kucha ikimalizika kabla ya saa sita, ni kinga kubwa dhidi ya faili lililokatika nusu ambalo mtu asiyejua atalidhania zima.

Kwa hiyo naona si haki kwa mwenye dhima ya hifadhi kuwaandikia wafadhili ombi la kompyuta mpya ilhali viini vya ile aliyo nayo havijatumika. Fedha hiyo afadhali inunue vipuri vya mashine za kuchezea kanda, ambavyo vinazidi kuadimika, na imlipe fundi ajuaye kuzirekebisha, kwani huko, katika saa zisizofupishika, ndiko kazi inakokwama kweli.