Kupima kansere ya kizazi: tusiseme wamama ni wavivu

Kila mwezi wa kumi tunaona mabango ya rangi ya roze mu barabara: mama, kuja upimwe kansere. Mwezi ukiisha, wanganga wanalalamika kama wamama waliokuja ni wachache, na watu wanasema ni uvivu ao ujinga. Sisi wa sendika hatukubali ile maelezo.

Tujiangalie kwanza sisi wanaume. Kila mwaka mufanyakazi wa mugodi anapita mbele ya munganga: macho, masikio, mapafu. Tunaenda. Ni juu tunapenda lupitalo kuliko bibi zetu? Hapana. Kampani inaandika tarehe, bisi inatupeleka, ile siku inalipwa, na bila karatasi ya munganga hakuna kuingia ku kazi. Njia iko tayari, sisi tunapita tu.

Bibi yetu yeye anapaswa kujichagulia siku, kutafuta makuta ya transpori, kuacha meza yake ya soko, kungojea asubuhi muzima, kisha kuvua nguo mbele ya mutu asiyemujua. Kila kizuizi peke yake ni kidogo. Vyote pamoja ni ukuta.

Wako wataalamu wa uchumi wanaochunguza namna watu wanachagua mambo mu maisha ya kila siku. Mumoja wao, Richard Thaler wa Marekani, alipata zawadi ya Nobel mwaka 2017. Wanatufundisha hivi: mutu anaweza kujua faida ya kitu na asikifanye, juu hasara iko leo na faida iko mbali. Kansere ya kizazi ni mufano kamili. Inaletwa na virusi inayoitwa HPV, na mara nyingi inachukua miaka 15 mpaka 20 mbele ya kuwa kansere. Ile miaka yote mama hasikii maumivu. Leo anaona soni na makuta inayotoka. Uzima wa kesho hauonekane. Lakini ni ile miaka ndiyo inaweza kumuokoa, juu madoa ikionekana mapema inaondolewa kwa baridi kali ao kwa moto, mara ingine siku ile ile.

Jirani zetu wametuonyesha kama ukuta unaweza kubomolewa. Malawi, mwaka 2004, watu wa vijiji walipimwa Ukimwi, kisha wakaombwa warudie kuchukua majibu. Kwa kura, wengine walipewa karatasi ya kupokea makuta kidogo wakirudia, wengine hawakupewa kitu. Wasiopewa kitu, 34 tu ku mia walirudia. Waliopewa, hata kama ni kidogo sana, hesabu yao ilikuwa karibu mara mbili. Na wenye kukaa mbali walirudia kidogo kuliko wenye kukaa karibu. Si kusema maisha yao ilikuwa na bei ya ile makuta. Ile kidogo iliwapa sababu ya kutoka nyumbani siku ile, bila kungojea kesho.

Kampala, mu mutaa wa Kisenyi, wachunguzi walifanya ingine. Wamama wengine walialikwa ku kliniki. Hata nusu yao hawakufika. Wengine walipewa kijiti cha kujipima wenyewe, palepale wanapokaa ao wanapofanya kazi. Karibu wote walijipima. Ni wamama wa mutaa mumoja. Kilichobadilika ni njia.

Basi, mu mazungumuzo na waajiri tuombe nini? Kila bibi wa mufanyakazi na kila mama anayefanya kazi ku mugodi apewe tarehe iliyoandikwa, na ujumbe wa kumukumbusha siku moja mbele. Wanganga wafike mu mitaa yetu. Vijiti vya kujipima vipatikane. Mama wa kazi alipwe ile siku, hata kama anafanyia kampani ndogo iliyopewa kazi na ile kubwa. Kwao, siku isiyofanywa ni siku isiyolipwa. Na wachimbaji wa mikono, wasio na mwajiri, ni kooperative yao na serikali wasimame.

Lakini tuwe macho ku mambo tatu. Ya kwanza, majibu ni ya mama na munganga wake; yasifike ku meza ya mukubwa wa kazi. Ya pili, kupima bila kutunza ni kuongeza mutu huzuni. Mbele ya kuita watu, tujue lupitalo gani itawapokea na nani atalipa. Ya tatu, kitambaa ao sabuni ya kuvutia watu isichukue nafasi ya haki. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake iko ku mabega ya mwajiri. Sisi tunasema: kupimwa ni mwanzo wa matunzo.

Mwaka 2022, kansere hii iliua wamama karibu 350 000 mu dunia, na 94 ku mia walikuwa wa inchi kama yetu. Shirika la Afya Duniani (OMS) linataka kufika mwaka 2030 wamama 70 ku mia wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena wakifika 45. Mabango peke yake haitatufikisha kule. Mu daftari ya madai tunaandika mushahara, kofia na viatu. Tuandike na hii.