Moshi wa Lumumba hauna tena kisingizio

Lori la dizeli lililosheheni likipandisha Barabara ya Lumumba mjini Kigoma, kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, hutema moshi mweusi tii, na mtembea kwa miguu hana pa kujificha. Zamani lawama zilikwenda kwenye mafuta, na zilistahili. Wachakachuaji walichanganya mafuta ya taa na dizeli, hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta mwaka 2010 na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Tangu Januari 2015, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni.

Leo lawama ni za mwenye gari, na za wanaopaswa kumkagua.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Nozeli zimechoka, kichujio cha hewa kimeziba vumbi, mzigo umepita kiasi, na dereva anang'ang'ania gia kubwa mlimani huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho: masizi yatakosaje kutoka? Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka wazi kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Wenye magari ya petroli nao wasijitoe. Injini ikiwa baridi, masega ya kusafisha moshi hayajapata joto la kufanya kazi, na kaboni monoksidi inayotoka haina rangi wala harufu. Kuyang'oa masega hayo na kuyauza, kisha kurudi barabarani kubeba abiria, ni kuwatendea watu ubaya kwa makusudi.

Ziwa Tanganyika nalo halijasalimika. Injini za mashua zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili hutoa sehemu ya mafuta bila kuungua, moja kwa moja majini, katika ziwa ambalo mto wake wa kutokea ni Lukuga peke yake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na kanuni za ubora wa hewa tangu 2007. Wasimamizi wa mazingira wa NEMC na trafiki wapeleke vipima moshi Lumumba, mlima unapoanza. Manispaa ya Kigoma Ujiji ipige marufuku kuacha injini zikiunguruma stendi ya Masanga wakati wa kusubiri abiria. Gari litakaloshindwa kipimo lisirudi barabarani mpaka litengenezwe na kupimwa upya, awe nani mwenye nalo.