Mji Usinyang'anywe Timu Yake

Hukumu yetu ni hii, na tunaiweka mwanzoni isije ikapotea katika maelezo: mmiliki wa klabu ya soka nchini Marekani asiruhusiwe kuhamisha timu kutoka mji uliomsaidia kupata uwanja kabla hajawapa wenyeji wa mji huo nafasi halisi ya kuinunua. Haki hiyo isiachwe katika hisani ya tajiri wala busara ya kamishna wa ligi. Iandikwe katika sheria ya kila jimbo, na sheria hiyo iwe na meno.

Mwaka 2005 San Jose Earthquakes ya California ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa na pointi nyingi kuliko klabu nyingine yoyote ya MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani. Ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa mara mbili, 2001 na 2003. Desemba ya mwaka huohuo mashabiki wakaambiwa kwamba wachezaji wao, pamoja na kocha Dominic Kinnear, wanahamia Houston, Texas. Hakuna kosa lililofanyika uwanjani. Timu ilikuwa ikichezea uwanja wa chuo kikuu, kampuni ya AEG iliyoimiliki ilishindwa kupata uwanja mpya iliyoutaka, na hakupatikana mnunuzi wa kuibakiza. Houston ikachukua ubingwa 2006 na tena 2007, kwa kikosi ambacho kiini chake kilijengwa San Jose.

Ligi ilijaribu kupoza machungu. Jina, rangi na kumbukumbu za mataji viliachwa San Jose visubiri timu nyingine, nayo ikaja 2008. Uwanja wake yenyewe ulifunguliwa 2015, miaka kumi baada ya watu kuambiwa kwamba mji huo hauna mustakabali wa soka. Na huko Houston? Timu iliyoondolewa California kwa sababu ya uwanja ilifikia tena katika uwanja wa chuo kikuu, ikaendelea kuutumia hadi 2012. Miaka sita ilipatikana ya kuvumilia Houston. San Jose hawakupewa uvumilivu huo, na hadi leo hatujaona sababu ya haki iliyoeleza tofauti hiyo.

Columbus, Ohio, ndiko kesi hii ilikosikilizwa kwa kina zaidi. Crew ni miongoni mwa klabu 10 zilizoanzisha ligi mwaka 1996. Wapiga kura walipokataa kutozwa kodi ya kujenga uwanja, Lamar Hunt, aliyekuwa akiimiliki klabu, alitoa fedha zake mwenyewe, takriban dola milioni 28, na mwaka 1999 ukafunguliwa uwanja wa kwanza wa ligi hiyo uliojengwa mahsusi kwa ajili ya soka. Haukuwa na madoido. Ulisimama kwenye viwanja vya maonyesho vya jimbo, na miji mingine ikaja kujifunza kwake. Anayesema Columbus haikuipenda soka aanze kwa kuueleza uwanja huo.

Mwaka 2013 familia ya Hunt iliiuza klabu kwa Anthony Precourt wa California. Mkataba ulimtaka aiweke Columbus kwa miaka kumi, lakini ukaacha mlango mmoja wazi: Austin, Texas. Mashabiki waliendelea kununua tiketi miaka minne bila kujua habari za mlango huo. Oktoba 2017 Precourt akatangaza kwamba bila uwanja mpya katikati ya mji, timu itahama, na ligi chini ya kamishna Don Garber ikasimama upande wake. Hayo yalisemwa wakati kikosi cha kocha Gregg Berhalter kinapigania kombe; msimu huo kilifika fainali ya kanda ya Mashariki kikaondolewa na Toronto. Wachezaji waliingia uwanjani wakitetea mji ambao mwenye timu alikwisha kuupa kisogo.

Watu wa Columbus hawakukaa kulalamika. Ndani ya siku chache walikusanyika mbele ya ukumbi wa jiji, wakaanzisha harakati za Save The Crew, wakapita mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, mabango ya manjano na meusi yakatundikwa madirishani. Tunawaheshimu kwa hilo. Lakini tuseme ukweli: nyimbo na mabango peke yake visingemzuia mtu mwenye karatasi za umiliki mkononi. San Jose nako walilia. Tofauti ilikuwa sheria.

Ohio ilikuwa na sheria iliyotungwa 1996, baada ya Art Modell kuihamisha timu ya Cleveland Browns, ya mpira wa Kimarekani, kwenda Baltimore. Ilisema kwamba mmiliki wa timu inayotumia uwanja uliosaidiwa na fedha za umma hawezi kuacha kuutumia bila ridhaa ya serikali husika, au bila kutoa notisi ya miezi sita na kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua timu. Machi 2018 mwanasheria mkuu wa jimbo, Mike DeWine, akishirikiana na jiji la Columbus, akamfikisha Precourt na ligi mahakamani. Hoja yao ilikuwa ya wazi: klabu ilikalia ardhi ya jimbo, ilifaidi misamaha ya kodi, iliboreshewa maegesho kwa fedha za umma. Aliyekula kwa umma na azungumze na umma kabla ya kufungasha.

Sheria ikafanya kazi yake hata kabla hukumu haijatoka. Muda ulipatikana, na katika muda huo wakajitokeza wanunuzi: familia ya Haslam, na familia ya Edwards ya Columbus, ambayo mmoja wao, Pete Edwards, alikuwa daktari wa timu kwa miaka mingi. Januari 2019 wakakabidhiwa klabu. Crew ikawa bingwa 2020, kisha 2023. Precourt hakutoka mikono mitupu. Austin ilipewa timu mpya iliyoanza kucheza 2021, katika uwanja uliojengwa kwa fedha binafsi kwenye ardhi ya jiji. Kumbe nafasi ya miji yote miwili ilikuwapo tangu mwanzo. Mwaka mzima na zaidi watu walinyimwa usingizi kwa ajili ya uchaguzi ambao haukuwa wa lazima.

Kwa nini basi ulifanywa uonekane wa lazima? Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Katika ligi zetu hapa Tanzania timu ya wilayani inaweza kushinda, ikapanda daraja, ikafika Ligi Kuu. Mji uliopoteza timu unaweza kujikusanya na kuanza upya kutoka chini. MLS haina kupanda wala kushuka daraja. Ligi yenyewe ni kampuni moja, wamiliki wa klabu ni wanahisa wake, na wao ndio huamua mji gani uingie na kwa bei gani. Toronto iliyoanza kucheza 2007 ilitozwa ada ya dola milioni 10. Charlotte ikatozwa milioni 325. San Diego, iliyoanza 2025 na kufikisha klabu 30, milioni 500. Bei inapanda hivyo kwa sababu nafasi zimebanwa, na nafasi zikibanwa daima utakuwapo mji mmoja usio na timu, wenye njaa, wa kutishia nao mji wenye timu. Meya anayekaa mezani na mmiliki wa klabu anajua kwamba mlango wa nyuma uko wazi, na anajua pia kwamba timu ikiondoka hakuna ushindi wowote uwanjani utakaoirudisha. Hayo si mazungumzo ya watu wawili walio huru.

Tunaandika haya si kama watazamaji wa mbali. Mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, iligeuka kuwa Singida Black Stars. Waliobaki Mbarali wanajua ladha ya jambo tunalolijadili.

Wapo watakaosema Columbus ni ushahidi kwamba mambo hujinyoosha yenyewe, kwamba tajiri mbaya akiondoka tajiri mwema huja. Tunakataa. Kwanza, angalieni gharama. Uwanja mpya wa Crew uliofunguliwa Julai 2021 katikati ya mji ulimeza zaidi ya dola milioni 300, na jiji na kaunti zilichangia makumi ya mamilioni. Yaani kile Precourt alichokidai kwa vitisho kilijengwa, na sehemu ya bili ikaenda kwa mlipakodi yuleyule aliyekuwa akitishiwa. Tunafurahi timu imebaki. Furaha hiyo haifuti ukweli kwamba tishio lilizaa matunda.

Pili, na hili ni zito zaidi, angalieni waokozi wenyewe wamefanya nini baadaye. Familia ya Haslam inamiliki pia Cleveland Browns. Walipotaka kuiondoa timu hiyo katikati ya Cleveland na kuipeleka kitongoji cha Brook Park, jiji likaishika sheria ileile ya 1996. Oktoba 2024 klabu yao ikaenda mahakama ya shirikisho kuomba sheria hiyo itangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2025 Bunge la Ohio likaipunguza nguvu kupitia bajeti: sasa inazibana tu timu zinazokwenda nje ya jimbo. Baadaye shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya fedha kati ya familia na jiji. Sheria iliyowafungulia mlango wa kuipata Crew ndiyo waliyoishambulia ilipowafungia wao njia. Hatuhitaji ushahidi mwingine kwamba mji hauwezi kuweka matumaini yake katika wema wa mmiliki. Wabunge wa Ohio walikuwa na ngao iliyothibitika kufanya kazi, wakaikata vipande kwa ajili ya mwenye nguvu wa siku hiyo. Walikosea, na wairudishe kama ilivyokuwa.

Ipo hoja ya mali, nayo tunaijibu kwa ufupi. Klabu ni mali ya mtu binafsi, wanasema, na mtu ana haki ya kuhamisha mali yake. Sawa, mradi alijenga kwenye ardhi yake, akalipa kodi yake yote, akatengeneza barabara zake. Siku alipopokea ardhi ya umma na msamaha wa kodi aliingia katika mkataba na umma, hata kama hakuna aliyeuandika. Tunachodai ni kwamba uandikwe.

Na miji nayo isijitie woga kupita kiasi. Aprili 2017 wapiga kura wa St. Louis walikataa kutoa fedha za kodi kwa ajili ya uwanja wa soka, na wengi wakatangaza kwamba ndoto imekufa. Haikufa. Familia ya Taylor ilijitokeza, ikagharamia sehemu kubwa ya ujenzi kwa fedha zake, na 2023 St. Louis City iliingia ligi katika uwanja mpya wa watu wapatao 22,500 katikati ya mji. Kura ya hapana ilifanya kazi ambayo mazungumzo ya faragha yasingeweza kuifanya: iliwalazimisha matajiri wafungue mikoba yao.

Bridgeview haikupata bahati hiyo. Ni kitongoji kidogo kusini-magharibi mwa Chicago, chenye wakazi wapatao 16,000 tu, kilichokopa zaidi ya dola milioni 100 kwa hati fungani ili kuijengea Chicago Fire uwanja uliofunguliwa 2006. Uwanja ulikuwa mbali na katikati ya jiji, mapato yaliyotarajiwa hayakutosha, deni likavimba, na kodi ya majengo ikapanda kwa watu ambao wengi wao ni wafanyakazi wa kawaida. Mwaka 2019 klabu ilivunja mkataba wa pango kwa malipo ya takriban dola milioni 65, yaliyopangwa kutolewa kwa miaka mingi, na 2020 ikarudi Soldier Field, uwanja mkubwa wa Bears, timu ya mpira wa Kimarekani, ilikoanzia maisha yake 1998. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ndiyo maana tunasema sheria haitoshi kama ilivyo: fidia ya kuvunja mkataba lazima ilingane na deni ambalo mji ulilibeba, si na kiasi ambacho klabu iko tayari kukiachia.

Juni 2025 mmiliki wa Fire, Joe Mansueto, alitangaza kwamba atajenga uwanja mpya kusini mwa katikati ya Chicago, wa dola milioni 650, kwa fedha zake binafsi. Tunampongeza kwa kutoomba fedha za ujenzi kwa mlipakodi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na kila mmiliki anayefuata apimwe kwa kipimo hicho. Lakini Bridgeview bado ina uwanja usio na klabu ya MLS na hati fungani zinazodai kulipwa. MLS ndiyo iliyoupokea uwanja ule kwa shangwe 2006, ndiyo iliyoidhinisha kuondoka, na ndiyo iliyotoza dola milioni 500 kwa nafasi moja San Diego. Itenge sehemu ya ada hizo na kulipunguza deni la Bridgeview kabla haijapokea maombi ya mji mwingine wowote.