Excel ya Katibu, Excel ya Mwenyekiti

Msimu uliopita kikundi kimoja cha alizeti kiliahidi magunia yaleyale 40 kwa wanunuzi wawili. Katibu aliandika kwenye Excel yake, mwenyekiti kwenye nakala yake. Hakuna aliyedanganya, ila mnunuzi mmoja hajarudi tena.

Mwandishi akiwa mmoja, bakini na Excel. Wakiwa wawili, naona mhamie kwenye programu ya pamoja inayoonyesha nani aliongea na nani, lini, na waliahidiana nini. Futeni kwanza majina yaliyojirudia. Namba za wanachama asizione kila mtu. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kabla ya kulipia, muulizeni muuzaji: tukiacha kulipa, tutapakua kumbukumbu zetu? Wengine hapo huanza kukohoa. Huyo mwacheni.