Afya Nyumbani: Farasi na Mtoto wa Ujiji

Barua tuliyoichagua mwezi huu yatoka Ujiji, nayo imeandikwa na baba wa mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto huyo, asema baba yake, hajapata kusimama kwa miguu yake. Miguu humkakamaa na kupishana kama mkasi, shingo imetulia juzi juzi tu, na hospitalini waliwaambia kuwa ni mtindio wa ubongo. Sasa shangazi yake mtoto, akaaye Maskati, amewaletea picha za watoto kama huyo waliopandishwa juu ya farasi, pamoja na maneno kwamba waliokuwa hawatembei sasa watembea. Baba ana shamba la michikichi alilorithi kwa marehemu baba yake, na mnunuzi amekwisha kupatikana. Atuuliza mambo mawili. Je, auze shamba ampeleke mwanawe penye farasi, maana yeye tangu azaliwe hajamwona farasi hata mmoja Kigoma nzima? Na je, kupanda farasi si katika mambo aliyoyapenda Mtume wetu (s.a.w.), na kwa hiyo hapana budi pana shifaa ndani yake?

Tumeisoma barua hii mara nyingi kabla ya kushika kalamu, kwa sababu jibu lake laweza kumpotezea mtu shamba, au kumpotezea mtoto nafasi.

Tuanze na hilo alilolitaja kwa kupita tu, kwamba Kigoma hakuna farasi. Wako watu wadhanio kuwa ni umaskini wetu, au kwamba wazee wetu hawakujali. Hasha! Ujiji ulikuwa mji wa misafara mikubwa, na wafanya biashara wake walitoka pwani na Unguja, ambako farasi walijulikana vyema. Illa njia ya kutoka pwani hata ziwani ilikuwa kaburi la wanyama. Mwaka 1866 Livingstone alipoingia bara kwa upande wa Ruvuma alichukua ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, akitaka kujaribu kama wataweza kuvumilia mbung'o. Walikwisha njiani, wengine kwa maradhi na wengine kwa kuteswa na wachungaji wao. Stanley naye, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta, alikuwa na farasi wawili, na mmoja wao alikuwa zawadi ya Sayyid Barghash. Wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali na pwani. Mmoja alipopasuliwa alikutwa na minyoo tumboni. Mwishoni mwa mwaka ule Stanley aliingia Ujiji kwa miguu, kama walivyoingia wapagazi wake.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ilikuja kufahamika baadaye. Mwaka 1895 daktari mmoja Mwingereza, David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza ng'ombe na farasi huletwa na kijidudu kikaacho ndani ya damu, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Nyati na swala wa porini huwa nacho wasiugue. Mbung'o amnyonyapo mnyama huyo kisha akamwuma farasi, farasi hushikwa na homa, hukonda, damu yake hupungua, kisha hufa. Na mbung'o wapenda miombo, nayo miombo ndiyo iliyoizunguka Kigoma upande wa Uvinza, Kasulu na Kibondo. Mkaaji wa Ujiji aweza kuketi barazani kwake asiumwe na mbung'o hata siku moja, lakini mnyama aletwaye kwa njia ya nchi kavu zamani hakuwa na pa kupitia ila katika mwitu huo.

Tena yuko adui wa pili ambaye watu hawamtaji sana. Ni maradhi ya farasi ya Afrika, yaletwayo na usubi wanaouma wakati wa usiku. Punda na punda milia huyapata kwa wepesi, pengine wasionyeshe hata dalili. Farasi asiyechanjwa aghalabu hufa. Siku hizi chanjo iko, na dawa za maradhi ya mbung'o ziko, lakini zote hutaka fedha na mganga wa mifugo aliye karibu. Ongeza chakula chake cha kila siku, na fundi wa kumpunguza kwato kila baada ya wiki sita au nane. Ndiyo maana farasi wa kupandwa katika Tanzania wapatikana zaidi kwenye nyanda za juu za Arusha na Kilimanjaro, zenye baridi, na kidogo huko Dar es Salaam, nao aghalabu ni wa wageni na wenye uwezo. Kutoka Kigoma hata Dar es Salaam kwa gari la moshi ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzazi na asimame hapo kidogo, afikirie safari hiyo akiwa na mtoto asiyeweza kuketi.

Sasa tuje kwenye faida yenyewe, maana haifai kuikanusha kwa sababu tu iko mbali. Farasi atembeapo polepole, mgongo wake huenda mbele na nyuma, huinuka na kushuka, na huyumba kulia na kushoto. Mwendo huo wafanana sana na mwendo wa nyonga za mwanadamu atembeaye. Mtoto ambaye hajawahi kutembea, akiketishwa juu yake, kiwiliwili chake hupata kuonja kutembea kulivyo, na misuli ya mgongo na tumbo hulazimika kufanya kazi ili asianguke. Joto la mnyama na mapigo ya hatua zake hulegeza misuli iliyokakamaa, na mapaja hutengwa na upana wa mgongo wa farasi. Hayo ni mambo ya kweli, na wataalamu wa viungo katika nchi nyingi huyatumia.

Jambo hili lilipata sifa kubwa kwa mwanamke mmoja wa Denmark, Lis Hartel. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alipatwa na polio, akabaki hana nguvu miguuni tangu magoti kushuka chini. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Hata hivyo katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alipata medali ya fedha ya kupanda farasi, akashindana na wanaume, na mwaka 1956 akaipata tena. Watu wa Ulaya waliona, wakaanza kuwapandisha walemavu juu ya farasi.

Lakini tazama vizuri, ndugu yetu: miguu ya bibi huyo haikupona. Alijifunza kumwongoza farasi kwa kiwiliwili na mapaja, basi. Na uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao mara nyingi ni wa watoto wachache wachache, waonyesha kwamba wale wapandishwao mara moja au mbili kwa wiki, kwa muda wa miezi miwili mitatu na pamoja na mtaalamu, huketi vizuri zaidi na mizani ya mwili wao huongezeka. Faida hiyo ni ya wastani, tena haina hakika ya kudumu mazoezi yakikoma. Jeraha la ubongo halifutwi na farasi. Mtoto uliyemwona pichani akitembea yamkini alikuwa na ulemavu mwepesi tangu awali, na pengine alifanyiwa mazoezi mengine kwa miaka mingi ambayo picha haikuyaonyesha.

Wako tena watoto ambao farasi ni hatari kwao. Mtoto ambaye nyonga yake imetoka mahali pake, jambo litokealo sana kwa watoto ambao miguu yao hupishana kama mkasi, haifai kupandishwa kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Mwenye kifafa kisichotulizwa na dawa kadhalika. Na kuanguka kwa farasi si kama kuanguka kitandani; hata watu wazima wazoefu huvunjika mifupa na kuumia kichwa, ndiyo maana huvaa kofia ngumu.

Ama suala la pili. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimsifu farasi na akaeleza kuwa kheri haimtoki hata siku ya Kiyama. Ni kweli pia kwamba aliwashindanisha farasi Madina, waliozoezwa mbio ndefu na wasiozoezwa mbio fupi, na Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na watu husimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliamrisha watoto wafundishwe kuogelea, kutupa mishale na kupanda. Lakini sifa hiyo ni ya kujitayarisha, ya ushujaa na ya kuutia mwili nguvu. Hatukuona mahali palipoambiwa kwamba mgongo wa farasi ni dawa ya kupooza, na si adabu kuitwika sunna ahadi ambayo haikuitoa, kisha mtoto asipopona mzazi akabaki na shaka moyoni. Tena ukiifungua Suratun Nahl, aya ya 8, utaona kuwa farasi, nyumbu na punda wametajwa pamoja, kuwa ni vipando na ni pambo. Mtume mwenyewe alipanda punda, akampakia Muadh bin Jabal (r.a.) nyuma yake. Basi kijana wa Ujiji asidhani kuwa amenyimwa fungu lake kwa kukosa farasi. Ziwa liko mbele yake: na ajifunze kuogelea na kupiga makasia, akiepuka maji yaliyotulia penye majani ufukoni, kwani humo hukaa konokono wa kichocho, na akiwauliza wavuvi mahali penye mamba.

Neno moja juu ya mabinti, kwa kuwa tumekuwa tukiulizwa na akina mama. Wako wazazi wawakatazao binti zao kupanda mnyama yeyote, hata baiskeli, kwa hofu ya bikira. Madaktari wamekwisha kueleza kwamba utando huo hutofautiana sana tangu kuzaliwa, na kwamba hali yake haiwezi kuthibitisha lolote juu ya mwenendo wa msichana. Wanawake wa Kikureshi walisifiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni bora wa wanawake waliopanda ngamia. Na huku kwetu, Bibi Salme binti Said, bintiye Sultani wa Unguja, ameandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kwamba alijifunza kupanda farasi utotoni. La sharti ni sitara na mahali pa staha, na hayo yawezekana.

Turudi kwa baba wa Ujiji. Ushauri wetu, bwana, ni usiuze shamba. Mwanao atahitaji matunzo kwa miaka mingi, na michikichi hutoa mawese kila mwaka, na fedha ya kuuza ardhi huisha katika nauli na kulala nyumba za wageni. Lau farasi angekuwa Mwanga au Kibirizi tungekwambia mpeleke, baada ya daktari kuruhusu. Kumfuata Arusha kwa miezi mitatu, kisha kurudi nyumbani pasipo na mazoezi, ni kununua kwa bei ya shamba faida ambayo yaweza kukutoka mkononi.

Badala yake nenda hospitali ya mkoa, Maweni, uulize habari za mazoezi ya viungo, na uombe nyonga za mtoto zitazamwe. Mwombe mtaalamu akufundishe wewe na mama yake mazoezi ya kufanya nyumbani, kwa kuwa mazoezi ya kila siku ya robo saa yana nguvu kuliko ya mara moja kwa mwezi. Katika hayo mtaalamu aweza kukuonyesha jinsi ya kumketisha mtoto akilipanda godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, au paja lako mwenyewe, mguu huku na mguu huku, ukimshika kiunoni na kumyumbisha taratibu huku akinyosha mkono kuchukua kitu. Huo ndio mgongo wa farasi, umepungua miguu minne tu. Usimketishe juu ya punda wa jirani kwa kubahatisha. Punda hushtuka, na mtoto asiyeweza kujishika hana kinga.

Na huyo dada yako wa Maskati, aliyetuma picha kwa mapenzi, mshukuru, kisha umwombe kitu kingine. Mwambie atume fedha ya mbao. Fundi seremala wa hapo Ujiji aweza kutengeneza kiti kwa vipimo vya mtaalamu: chenye mgongo mrefu, mikono pande zote mbili, mahali pa kukanyaga, mkanda wa nyonga, na kipande cha mbao kilichofunikwa sponji katikati ya magoti ili miguu isipishane. Mtoto akikua, fundi atakiongeza. Akiketi humo ataweza kula bila kupaliwa na kukaa mezani pamoja na nduguze. Na ukifika wakati wa kumpeleka chuoni, mwalimu atakuwa na mahali pa kumketisha.