"Ni" ya Wajapani na "ni" yetu

Utu uzima haukunizuia kushika daftari: najifunza Kijapani. "Iku" ni kwenda, "kuru" kuja, "kaeru" kurudi kwenu. Lakini kitenzi peke yake hakimfikishi msafiri. Atokako hufuatwa na "kara". Chombo apandacho, na "de". Aendako, na "ni". "Gakkō ni iku": naenda shuleni.

Hiyo "ni" ilinishangaza. Ni sadfa tu, lakini nasi tunayo yetu, nayo hukaa papo hapo, baada ya jina. Nikiidondosha ya Kijapani, mwalimu hunikosoa. Ya Kiswahili vijana wetu wengi wameitupa. Wasema "naenda kwa shule", kana kwamba shule ni mtu! Nao ni nani atakayewakosoa, ikiwa sisi wazee twanyamaza?